Maneno ya Mama Ndani ya Kompyuta Iliyokataa Kuwaka

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako kando ya dirisha. Kufungasha kumekwisha, vitu vyote vimo kwenye maboksi, na kesho tunarudisha funguo. Imebaki meza, kiti hiki na kompyuta. Mchana wa leo kumetokea jambo ambalo wewe ndiwe uliyestahili kuliona, na sina mwingine wa kumweleza.

Unakumbuka siku ulipoileta? Ulikuwa umestaafu ukarani wa reli, na ofisi ilipokuwa ikitoa mashine zake kuukuu ukaomba moja. Mwenye mkokoteni alisukuma, wewe ukatembea kando umeikumbatia skrini, hutaki hata aiguse. Majirani wa mtaa huu wa Makongeni walitoka milangoni kutazama. Mama alikuwa ameshaanza kuugua, lakini alicheka mpaka akashika ubavu. "Haya, karani amehamishia ofisi nyumbani!"

Ugonjwa ulipomlaza, akakwambia anataka kuwaachia maneno wajukuu ambao hatawaona. Kuandika hakukuzoea, kwa hiyo yeye alisema, wewe ukachapa kwa vidole viwili. Kila alasiri niliyofika niliwakuta hapo: yeye kitandani, wewe umeinama.

"Ngoja, ngoja, Mama Nafula. Hii K imejificha wapi?"

"Itafute pole pole. Mimi naenda wapi?"

Alisimulia alivyopanda treni kutoka kwao mara ya kwanza, na kuku aliyemtoroka stesheni. Alitaja watu wake wote kwa majina. Akaeleza mboga ya mrenda inavyopikwa, na wewe ukamkatiza kwamba chumvi ameisahau.

Tulipomzika, ukaanza kuyasoma maneno yale kila asubuhi baada ya chai. Printa hatukuwa nayo. Kila nilipokwambia nikachapishe ofisini kwetu, ulinijibu, "Bado haijaisha. Nitaongeza kidogo." Sikusisitiza.

Mimi ndiye niliyekuwa na cheti cha kompyuta, Baba. Nikaona mashine yako inavyojikokota, nikakuahidi kitu cha kuiongezea mbio. Jumamosi ile nilitoka kwangu mtaa wa Mowlem na kipande cha memori mkobani, kibao chembamba cha urefu wa kidole.

"Hii iliyoko ina ubaya gani?" uliniuliza.

"Ni polepole, Baba. Utaipenda ikienda haraka."

Nikafungua skrubu, nikakichomeka kile kipya kando ya cha zamani, nikawasha. Feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi, na mashine ikaanza kulia: tiii, tiii, tiii. Nikazima, nikakitoa kile kipya, nikawasha tena. Tiii, tiii, tiii. Nikachomoa nyaya, nikazirudisha moja moja. Ulisimama nyuma yangu ukizitazama.

Jumatatu niliipeleka kwa fundi mjini. Aliichungulia muda mfupi tu. "Siste, bodi ya ndani imeungua. Hii uza vipuri." Nilimwamini kwa sababu alisema kwa uhakika, na kwa sababu niliona aibu kuendelea kuuliza. Ofisini nilijifunza kutumia mashine hizi, sikujifunza kuziuguza.

Nilipokurudishia mashine na habari hiyo, ulikaa kwenye kiti hiki hiki. Ukasema kwa sauti ya chini, "Basi mama yako amenyamaza mara ya pili."

Nilipaswa kupiga magoti nikuombe radhi. Badala yake hatia ilinigeuka hasira. "Baba, hiyo ni mashine tu! Mama hayumo humo!"

Ukaniangalia. "Basi yuko wapi?"

Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Sikukuaga.

Jumamosi tano zilipita sijakanyaga hapa. Nilikutumia salamu kwa jirani yako, Mama Auma, naye akanirudishia zako. Aliniambia kifua kinakusumbua. Nikajiambia nitakuja mwisho wa mwezi, nitakuja na zawadi, nitajua la kusema. Ndipo asubuhi moja akanipigia simu ofisini: hukuufungua mlango wako, na walipouvunja walikukuta umeshaondoka. Tulikulaza kando ya Mama. Watu walisema nimemlilia baba yangu vizuri. Hawakujua nililia nini.

Leo nilitaka kuigawa kompyuta kwa atakayetaka vipuri. Nikafungua kifuniko kwanza, nipanguse vumbi. Mwanga wa dirisha uliingia moja kwa moja ndani, nikaona. Kile kipande cha zamani kilikuwa kimeinama. Nilikisukuma nilipokuwa nikichomeka kipya, kishikizo cha upande mmoja kikaachia. Pengo lake halikuzidi unene wa ukucha.

Nilikitoa, nikayasugua meno yake kwa kifutio, nikakirudisha kwa mshazari, nikakisimamisha mpaka vishikizo vyote viwili vikalia, ta, ta. Nikawasha. Ulisikika mlio mmoja tu, kisha skrini ikawaka. Nilipiga ukelele, Mama Auma akaja mbio na mwiko mkononi.

Hakuna kilichoungua, Baba. Kosa lilikuwa la kidole changu gumba. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na uliingoja wiki tano.

Nikafungua maneno yenu. Treni imo, kuku yumo, mrenda umo. Halafu nikafika mahali ambapo Mama anawataja watoto wake, akasema: "Nafula hukasirika haraka, lakini hurudi. Mngojeeni tu."

Wewe uliyachapa hayo. Uliyasoma kila asubuhi. Kumbe hukunikasirikia, ulikuwa unaningoja.

Mwisho kabisa kuna mistari yako, ya Jumamosi ile kabla sijabisha hodi. "Nafula anakuja na kitu cha kuipa mashine mbio. Mimi sina mbio zozote. Lakini ameifurahia kazi hii, nitamwacha aifanye."

Nimeyanakili yote kwenye diski, na Jumatatu nitayachapisha ofisini, kila mjukuu apate yake. Ila mwenyewe sijaweza kuinuka hapa. Skrini inawaka, chai ya Mama Auma imepoa, na bado natega sikio kama nitasikia kikohozi chako mlangoni.

Nisamehe, Baba. Pumzika kando yake. Akikuuliza habari zangu, mwambie alisema kweli, nilirudi. Nilichelewa tu.

Binti yako,
Nafula