Feni ya Maji ya Mwajabu

Jumapili, 1 Februari 1976

Joto! Mke wangu Mwajabu kalala sakafuni tangu alfajiri, tumbo juu, kanga imelowa. Mimba ya miezi minane. Mama yake, Bi Mwanakombo, katuma salamu kutoka Kisiju: anakuja kumchukua mwanawe akajifungulie kwao. Ndiyo ada, uzazi wa kwanza mtu hurudi kwa mamaye. Lakini kijijini kwao hakuna daktari. Hapa Temeke hospitali ni mwendo wa robo saa. Mwaka jana tulipoteza mtoto kabla hajazaliwa. Sitaki tena, sitaki!

Hayo sikuyasema. Nilichosema: nitaleta ubaridi humu ndani, hutakuwa na haja ya kwenda popote. Mwajabu alikuwa anajipepea kwa gazeti, upande wenye hotuba.

Jumanne, 3 Februari

Feni ya maji imefika kwa mkokoteni. Mhandisi wa Kihindi pale ofisini mkataba wake umekwisha, karudi kwao, kaniachia. Boksi la bati, kubwa kama kabati. Ndani feni, chini beseni la maji, na pampu ndogo ya kupandisha maji yalowanishe majani makavu yaliyopangwa mbavuni. Hewa ikipita kwenye majani hayo inapoa. Ndivyo alivyonieleza. Majani yenyewe yameliwa na panya.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kondo, kapita. Kauliza hii ni mali ya umma au ya mtu binafsi. Nikamwambia ya mgonjwa. Akaandika.

Jumatano, 4 Februari

Nimeiwasha. Ikanguruma, ikatetemeka, ikatembea yenyewe hadi mlangoni. Jirani yangu Marselino, mchonga vinyago wa kutoka Newala, kaichongea miguu minne ya mpingo. Sasa haitembei. Haipozi pia.

Pampu nimeifungua. Nimetoa mende watatu na kifungo cha shati. Maji yakapanda!

Alhamisi, 5 Februari

Majani ya kubadilisha sijapata mji mzima. Nikawaza makumbi ya nazi — si yanashika maji? Nikaenda Mtoni kwa kina mama wanaosokota kamba. Makumbi yao hufukiwa kwenye matope ya pwani miezi kadhaa mpaka yalainike. Mmoja wao kaniambia haya bado, yamefukuliwa leo, hayajafuliwa. Nikamwambia mie sisokoti kamba. Nimejaza mbavu zote tatu.

Sadallah, karani mwenzangu, huwa anapeleka mafaili chumba cha mkurugenzi, kwenye mashine ya ubaridi ya ukutani. Kwa hiyo mtaalamu. Kasema: funga madirisha, baridi isitoroke. Nimefunga yote. Chini ya mlango nimeziba na magazeti.

Ijumaa, 6 Februari

Harufu. Ya Rabi! Nyumba nzima inanuka yai viza. Mwajabu katapika mara mbili. Chumvi imegeuka maji. Kiberiti hakiwaki. Ukurasa huu umejikunja wenyewe.

Balozi kaja na wajumbe wawili kuuliza kama humu kuna maiti. Nikasema hapana. Wakaomba kuingia kuhakikisha.

Mwajabu kasema zima. Nikamwambia ngoja izoee.

Jumamosi, 7 Februari

Bi Mwanakombo kafika. Nimempa shikamoo, kaitikia huku kaziba pua. Hajavua hata buibui!

"Mwishehe baba, nani kakupa makumbi ya matope?"

Nikasema nimenunua. Akasema anajua nimenunua, hayo hapewi mtu bure. Kayatoa yote kwa mikono yake, kayapiga kwa gongo, kayafua maji matatu, kayaanika uani. Miaka arobaini anasokota kamba. Mie miaka tisa naandika vitabu vya stoo. Kisha kafungua madirisha yote bila kuniuliza. Kasema hewa ya maji isipopata pa kutokea itawapika, kwani mnachemsha viazi? Mie nikabandua magazeti chini ya mlango.

Jumapili, 8 Februari

Makumbi yamekauka, yananukia jua. Nimeyapanga, nimewasha, madirisha wazi. Hewa ikatoka — ya baridi! Si baridi ya barafu. Ya mtu aliyekaa kivulini karibu na kisima. Inatosha. Mwajabu kalala mbele yake saa tatu nzima, mdomo wazi. Nilitoka nje nikacheka peke yangu. Marselino kanipa mkono. Nimeshinda!

Jumatatu, 9 Februari

Nimerudi mchana kumuangalia. Nimemkuta anafunga nguo.

Nikamuonyesha mashine: si inafanya kazi? Nikamwambia nitaitia mafuta kila wiki, nitafua makumbi kila mwezi. Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kasema shida si joto. Mwaka jana damu ilipoanza mie nilikuwa Tabora nakagua maghala. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Anataka mtu, kasema. Mtu, sio feni.

Nimekaa kitandani. Bisibisi bado mkononi.

Baadaye nikamuomba Bi Mwanakombo abaki hapa kwetu mpaka mtoto aje. Kasema yeye radhi, tumuulize mwenye tumbo. Mwajabu kanigeukia: mama akikaa, nawe utakuwepo?

Barua ya ofisi ya safari ya Mwanza ninayo mfukoni tangu Alhamisi. Wiki sita. Naondoka Ijumaa hii. Sijamwambia. Hata humu sikuiandika.

Lori la Kisiju linaondoka saa nane. Sasa saa saba kasorobo. Mwajabu kasimama mlangoni, mkono kiunoni, anangoja jibu. Nimemwambia subiri kidogo, naangalia pampu. Nimechuchumaa nyuma ya mashine, naandika. Pampu haina tatizo lolote.