Balikulilia Vizuri

Butembo, siku ya tano

Kwako yaya Berthe, dada yangu mukubwa, ku Beni,

Tuko bazima. Mutoto wangu Safi amepanda mwaka ya sita, na kuku ulitupatia imeangua. Nimesikia unataka kuya huku kwetu ku Paska. Kwa telefone sauti ilinikatalia, njo maana nampa dereva hii barua.

Unajua likelemba yetu ya bamama ba soko, ile ya kuchanga feza na kupokea kwa zamu. Nilipokea zamu ya kwanza, nikalipa masomo ya batoto na nyumba. Kisha, peke yangu na ndizi za kuuzisha, baba yao hajarudi toka Kasugho, nikashindwa kutoa zamu ya bengine. Asubuhi moja bamama sita bakakuya kudai. Bakanikuta nalia, nimekaa chini. Mama Vagheni akauliza: "Nani amekufa?"

Yaya, nilisikia haya kusema ni feza. Nikasema: "Yaya yangu wa Beni."

Bakalala kwangu siku tatu bakikulilia na kupika, batoto bakashiba. Mwisho mama Vagheni akasema: "Hatudai mutu wa kilio. Deni imeisha." Nikamushukuru.

Leo sina deni, ila ku soko napita njia ya nyuma. Nilitaka kukuambia usikuye. Lakini kila mwezi mama Vagheni analipia misa ya kuombea roho yako.

Basi kuya, yaya. Nitakungojea ku parking, tutaanza kwake, nimuambie kweli, mbele ya kufika nyumbani. Tafazali, usivae ile liputa ya kitenge ya bluu. Nilibaambia balikuzika nayo.

Mudogo wako,
Kahindo