Mada ya Saba: Nyumba Yangu

Jumatatu, 6 Mei

Tumeanza mada ya saba: nyumba yangu. Mambo ya kukariri orodha ya maneno kama kasuku basi! Wiki mbili nzima Kiingereza chetu kitakuwa cha nyumba tu — kuchora, kupima, kuimba, kuulizana. Mwalimu mwenzangu Thoa, wa darasa la nne, ananicheka. Eti ninafundisha lugha au ujenzi? Acheke. Watoto wangu ni thelathini na mmoja, darasa la tatu, na leo hakuna aliyesinzia.

Kazi ya nyumbani: kila mtu achore nyumba yake huku anaitazama. Asibuni.

Jumatano, 8 Mei

Picha zimeletwa. Nhan, ambaye tangu Januari hajanyoosha mkono hata mara moja, kachora jiko, altare ya mababu na bembea ya kulalia. Sakafuni kapitisha mstari mweusi kutoka mlangoni hadi jikoni. Nikamuuliza kama ni waya.

"Ni ufa, mwalimu. Kwa Kiingereza unaitwaje?"

Nikampa neno. Mara watoto watano wengine wakalitaka neno hilohilo. Nilifurahi mno. Ndivyo tulivyoambiwa kwenye mafunzo ya walimu kule mjini Can Tho: mada ikimgusa mtoto, neno ataliomba mwenyewe. Kwa furaha hiyo sikufikiri wanaomba neno gani.

Ijumaa, 10 Mei

Nilitaka kubandika picha kwa herufi za majina. Lanh, binti wa muuza supu ya tambi, akakataa katakata. "Mimi na Tuan wapi na wapi, mwalimu? Jirani yangu ni Nhan." Wengine wakamuunga mkono. Basi wakazipanga wenyewe kama nyumba zilivyokaa kando ya mto, kutoka sokoni kuja huku.

Mistari imeungana. Imetoka picha hadi picha, nyumba kumi na moja. Baada ya nyumba ya mwisho wakaacha nafasi tupu. Nikauliza nani hakuleta.

"Wote tumeleta, mwalimu. Hapo ni shule."

Wali wa mchana umenishinda. Nimekwenda nyuma ya darasa, upande wa mto. Maji yamepungua sana, na zile mashua zinazonyonya mchanga wa kuuza kutoka chini ya mto ziko palepale. Ukutani kuna ufa. Ncha ya kijiti changu cha kulia wali inaingia.

Jumatatu, 13 Mei

Kijiti kinaingia nusu.

Nimemwambia Mwalimu Mkuu Khiem. Nikaomba tuhamie ukumbi wa pagoda, hekalu la ng'ambo ya barabara, hata kwa wiki moja. Akanimiminia chai.

"Mdogo wangu, mto huu naujua tangu sijaota meno. Alhamisi wakaguzi wanakuja kuona somo lako. Hawaji kuona kuta."

"Lakini kaka, watoto wanakaa pale."

"Barua nitaandika. Ijumaa."

Halafu akataka picha zichorwe upya: mapaa mekundu, maua, jua linacheka. Na neno la ufa liondolewe, maana halimo kitabuni. Nikasema sawa. Nalitaka sana somo hili lisifiwe, ndiyo sababu. Naona haya kuliandika. Mchana nikawafundisha kusema kwa Kiingereza: nyumba yangu ni imara.

Jumanne, 14 Mei

Mazoezi ya somo la Alhamisi, kama ilivyo desturi yetu. Kila mtoto anajua ataulizwa nini. Hata wa kukosea tumeshamchagua — Tuan, atakosea kidogo nami nitamsahihisha kwa upole.

Nhan alitakiwa kusema "imara". Kaishia katikati ya sentensi. Nikamwinamia.

"Si kweli, mwalimu," akaninong'oneza. "Jana jiko letu liliondoka na mto."

Wanapika barazani sasa. Thoa ananionya mtoto huyu ataniaibisha mbele ya wageni. Sentensi yake nimempa Lanh.

Jumatano, 15 Mei

Ukuta umezibwa, ukapakwa chokaa. Juu ya ufa tumebandika picha mpya kwa gundi ya unga wa mchele, imara kweli. Ya Nhan ipo katikati. Kachora paa jekundu kama alivyoambiwa, lakini jiko hakuchora.

Mwalimu Mkuu kaupiga ukuta kofi kama anayemsifu ng'ombe. "Unaona? Mpya kabisa!"

Alhamisi, 16 Mei

Nimefika kabla ya ngoma ya asubuhi ya kuwaita watoto darasani. Picha ya Nhan imechanika. Haikubanduka, gundi imeshika vizuri pande zote mbili. Imechanika tu, paa huku, mlango kule. Na viti vya wakaguzi vimepangwa chini yake.

Ninaogopa.

Alhamisi hiyohiyo, uani pa pagoda

Naandika nyuma ya andalio la somo. Nililibadilisha dakika ya mwisho: shughuli ya kwanza, watoto watoke wakaangalie nyumba za barabarani. Mada inaruhusu! Hakuna aliyeweza kunikataza mbele ya wageni. Wote thelathini na mmoja wako hapa, wameketi chini wanachora. Nimewahesabu mara tatu.

Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, kafurahi. "Ubunifu mzuri, dada." Nikamweleza habari za ukuta. Akamgeukia Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akacheka, akasema ni plasta, na somo linamaliziwa ndani, wageni hawajasikia majibu. Wamevuka barabara naye, wamekwenda kukaa kwenye vile viti.

Ngoma inalia.

Watoto wanakusanya penseli, wanajipanga wawiliwawili, mkono begani kwa wa mbele, kama nilivyowafundisha. Nhan peke yake hajajipanga. Ameshika pindo la nguo yangu.

"Mwalimu, leo tunatoa jibu lipi, la kweli au la mazoezi?"

Ngoma tena. Mwalimu Mkuu yuko mlangoni pa darasa, anatupungia tuharakishe. Lanh, aliye mbele, ananitazama akingoja ruhusa. Midomo yake inakwenda. Anaikariri sentensi yake, asije akaikosea —