Fuata Miguu Yangu

Jumatatu, 5 Mei

Amerudi. Fundi Lifti amerudi kwenye kundi letu la mazoezi, goti limepona, kicheko ni kilekile. Mwaka mzima nilijiambia kwamba akirudi nitamsalimia kama watu wengine. Nimemsalimia. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Niandike tena, maana wenzangu wameshasahau. Juni mwaka jana, mashindano yangu ya kwanza: kuogelea ziwani, kisha baiskeli, kisha kukimbia. Yeye ndiye aliyekuwa mwenza wangu wa maji. Aliahidi mbele ya Mama Kocha: tunaingia pamoja, tunatoka pamoja. Karibu na boya la pili miwani yangu ikajaa maji, pumzi ikakata. Nikamwita. Akainua kichwa, akageuka, akanitazama — alinitazama! — kisha akaendelea na safari yake. Mimi nililikumbatia lile boya dakika kumi na tisa mpaka boti ya uokoaji ikaja. Mtu wa boti akanipiga picha. Na jioni ile, mezani, Fundi ndiye aliyeizungusha simu yenye picha huku akiigiza nilivyolishika, kama mchumba wa siku nyingi. Watu walicheka mpaka machozi. Nilichukua mkoba nikaondoka.

Tangu siku hiyo jina langu ni Boya. Hata mama mkwe ananiita Boya.

Leo ameniita kwa sauti kutoka upande wa pili wa bwawa la mazoezi: Boya wangu, upo?

Nipo, kaka. Nipo sana.

Jumamosi, 10 Mei

Mama Kocha amegawa wenza wa maji. Ni nesi mstaafu, kipenga hakimtoki shingoni, na kila mwanzo wa msimu anatusomea kanuni zake tatu kama anawasomea wagonjwa masharti ya wodi. Moja, mwenza haachwi majini. Mbili, hakuna kumvunja mtu moyo, hata kama anaogelea kama gunia. Tatu, siku ya mashindano hakuna kitu kipya. Si viatu, si chakula, si miwani, si chochote ambacho hujakifanyia mazoezi.

Akauliza nani atamchukua Fundi, maana Fundi kwenye baiskeli ni moto lakini majini ni yuleyule. Fundi akadakia mwenyewe: "Nipeni Boya. Siku hizi anakata maji kama mashine."

Nilisema sawa kabla Mama Kocha hajamaliza kuandika. Watu wakapiga makofi. Mama Kocha akanishika bega, akasema nina moyo mkubwa.

Mkubwa kweli. Una nafasi ya mambo mengi.

Hawajui nimejifunzaje kuogelea. Mwaka mzima, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya kazi, baridi, bwawa tupu. Wengine huamshwa na kahawa. Mimi niliamshwa na ile picha.

Alhamisi, 22 Mei

Siku ya ajabu dukani kwetu, duka la miwani.

Nilikuwa kwenye mashine yangu nasaga lenzi za bibi mmoja, nikasikia kicheko upande wa mapokezi. Fundi. Amekalia miwani yake akitengeneza lifti mbovu, imevunjika vipande viwili. Mpimaji akampima, akaniletea karatasi. Kulia hasi tano na nusu. Kushoto hasi tano.

Nimeisoma mara mbili. Miaka kumi na minne nasaga lenzi, namba hiyo naijua. Mtu wa namba hiyo, bila miwani, hautambui uso wa mkewe ng'ambo ya meza. Na majini Fundi huvaa miwani ya kuogelea ya kawaida, ile isiyo na namba yoyote.

Kwa hiyo mwaka jana aligeuka, ndiyo. Lakini aliona nini?

Nikaharibu lenzi ya kwanza. Nikaanza upya. Halafu nikapata jibu, moyo ukatulia: masikio je? Masikio hayana namba. Nilimwita mara tatu. Na pale mezani alikuwa amevaa miwani yake, na alicheka akiwa anaona vizuri kabisa.

Nilipompa miwani akainama dirishani, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, eti kuna miwani ya kuogelea yenye namba? Mwenzio majini ni kipofu."

Zipo. Nimeshawaagizia wateja sita, na wote wanashukuru. Nikamwambia: "Zipo, lakini majini zinaleta kizunguzungu. Wengi wanazirudisha."

"Basi tuachane nazo. We ndiye mtaalamu."

Miaka kumi na minne sijawahi kumdanganya mteja kuhusu lenzi. Leo nimedanganya, nikampa na kitambaa cha kufutia, bure.

Akauliza sasa ataendaje. Nikamwambia asijali, atafuata miguu yangu. Ukiona povu, uko salama. Kichwa chini muda wote, kuinua kunakula nguvu bure.

Akasema Mungu amenileta. Haya.

Jumatano, 4 Juni

Kazi inakwenda vizuri mno. Kila asubuhi namtumia ujumbe kwenye kundi letu la simu, mbele ya watu wote. Leo: "Kaka umeiva! Kichwa chini, miguu yangu ndiyo dira yako." Yeye akajibu kwa vikatuni vinne vya misuli. Wengine wakaongeza makofi na moto. Mama Kocha akaandika kwamba huu ndio moyo wa timu.

Mpango ni mwepesi. Siku ya mashindano, ziwani, kwenye boya la pili — lilelile — naongeza kasi. Sikimbii, sipigi kelele. Naongeza tu. Povu linakwisha. Anainua kichwa, kwa mara ya kwanza, na dunia yote ni uji. Anapapasa, analipata boya, analikumbatia. Boti inakuja. Nimeshamwomba mtu wa boti ajiandae na simu.

Nilikuwa nacheka jikoni peke yangu, mume wangu akaingia. Akauliza kuna nini. Nikasema mazoezi yanakwenda vizuri.

Mume wangu huongea kidogo, ndiyo maana akiongea hukera. Akajimiminia maji, akanywa, akasema: "Unampaka yule mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Una lako jambo."

Nikajitia sijasikia.

Jumamosi, 14 Juni

Mazoezi ziwani. Nikaamua kujaribu. Tulipofika katikati nikaongeza kasi, mapigo ishirini, kisha nikasimama kutazama.

Hakusimama! Alipinda kushoto, akaelekea kwenye matete, kichwa chini, kwa bidii zote, kama mtu aliyechelewa kazini. Hakuinua kichwa hata mara moja. Nani alimfundisha kutoinua? Mimi.

Nikahesabu mpaka arobaini. Ndipo nikamfuata, nikamgusa kisigino.

Akaibuka anacheka, maji puani. "Nilikupoteza au ulinijaribu?"

"Nilikujaribu."

"Safi sana, dada. Hivi ndivyo anavyofanya kocha wa kweli."

Nilikuwa nimesubiri furaha. Imekuja, lakini nusu. Nusu nyingine ilibaki pale kwenye arobaini. Nilipofika thelathini na tano nilikuwa nahesabu haraka haraka, na sikutaka kuhesabu haraka.

Mama Kocha alikuwa ameona kutoka ufukweni. Akaniuliza kama sijamfundisha kuinua kichwa na kutafuta boya. Nikasema bado, wiki ijayo. Akasema nisichelewe.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeagiza miwani ya kuogelea yenye namba. Kulia hasi tano na nusu, kushoto hasi tano. Kwa ajili ya kuonyesha wateja dirishani. Ndivyo nilivyoandika kwenye fomu.

Jumanne, 24 Juni

Nimekasirika. Nimekasirika kuliko mwaka jana.

Baada ya mazoezi tulikaa kwenye ngazi za bwawa, chai kwenye vikombe vya plastiki. Kuna mgeni kwenye kundi, daktari wa meno, akauliza kwa nini naitwa Boya. Nikajua tumekwisha. Fundi akaweka kikombe chini, akajifuta mikono, akaanza.

Ila safari hii nilikuwa nimebanwa katikati ya watu, sikuweza kuondoka. Nikaisikia hadithi mpaka mwisho. Na mwisho wake sikuwahi kuusikia.

Anasema aliinua kichwa, kipofu alivyo, akatafuta kofia yangu nyekundu. Akaona nyekundu mbele. Akajua ndiyo mimi, nimempita. Akaifuata kwa nguvu zote asiniache. Akaifuata mpaka nchi kavu, akaishika mkono, akasema, hongera dada, tumefika! Kumbe ni mzee mmoja wa posta, ana sharubu. "Namsifu mzee wa watu, namwambia dada yangu leo umenitoa jasho, na huyu wangu yuko kule na boya lake!"

Wote wakacheka. Daktari wa meno akamwagikiwa na chai.

Washiriki wote wa mara ya kwanza tulivaa kofia nyekundu. Ni kweli.

Sasa mimi nifanye nini na mwaka mzima? Zile alfajiri zote? Nimeilea hasira hii mpaka imekuwa na meno, halafu mtu ananipokonya kwa hadithi ya mzee wa posta! Sikubali. Masikio yake yalikuwa wapi? Na pole iko wapi? Aliweza kumwambia hongera mtu asiyemjua, mimi hakuniambia pole hata siku moja. Aliigiza. Aliipitisha simu. Hilo halihitaji miwani.

Mpango uko palepale. Boya la pili.

Ijumaa, 27 Juni

Zimefika. Nimezikagua kwenye mashine, namba ziko sawasawa. Mikanda ni ya bluu.

Mashindano ni Jumapili, na bwawa liko wazi kesho mpaka saa sita mchana. Akizijaribu kesho, sawa. Zaidi ya hapo ni kitu kipya, na kitu kipya ni marufuku. Kanuni sikuitunga mimi.

Nimezitia kwenye droo ya dukani, nikafunga kwa ufunguo.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeosha baiskeli. Nimepaka mnyororo mafuta. Nimeosha baiskeli tena.

Saa tano mume wangu akauliza mbona natazama saa. Saa sita ikapita. Basi. Imekwisha.

Saa tisa nimekwenda dukani, nimesahau chaja. Nikapitia droo.

Fundi ameandika kwenye kundi: "Kesho mimi na dada yangu. Tunaingia pamoja, tunatoka pamoja." Maneno yaleyale ya mwaka jana, na hata hajui. Watu sitini wamepiga makofi. Mimi pia nimepiga.

Jumapili, 29 Juni

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, ndani ya gari, kando ya ziwa. Daftari nililileta ili niandike baadaye, jinsi alivyolikumbatia. Naandika sasa kwa sababu mikono inataka kazi.

Ukungu. Ziwa halipo. Kuna mita chache za maji, halafu pamba. Waandalizi wanabishana. Wamesema boya la kwanza likionekana wataanza, na Mama Kocha anawaambia boya la kwanza si boya la pili. Wanamwambia boti ziko nne. Kwa ukungu huu boti yenyewe itahitaji mwenza.

Mimi nitaona. Kidogo, lakini nitaona. Yeye ataona povu.

Miwani ya mikanda ya bluu iko mapajani. Sijui nani aliitia mfukoni. Ni mimi.

Kitu kipya ni marufuku. Mama Kocha mwenyewe atasema hivyo.

Namwona anakuja. Ameshaacha miwani yake kwenye kikapu cha baiskeli. Anatembea mkono mbele, anagusa gari moja moja. Amegonga kioo cha gari jeupe mbele yangu, akainama, akasema kitu kwa tabasamu lake lote. Baba mmoja ameshusha kioo, amemwelekeza huku. Fundi amemshukuru kwa mikono miwili.

Amefika. Amegonga.

Nimeshusha kioo nusu. Naendelea kuandika, haoni.

Anasema: "Dada? Ni wewe safari hii?" Nimesema ni mimi. Anasema boya la kwanza limeonekana, tumepewa dakika kumi. Eti ukungu kwake si kitu, kila siku ni ukungu. Amecheka kidogo, akaacha.

Anasema jana alimsimulia mkewe ile hadithi ya mzee wa posta. Mkewe hakucheka. Alimuuliza swali moja, na tangu hapo hajalala vizuri.

"Mwaka jana, pale kwenye boya. Uliniita?"

Kipenga cha Mama Kocha. Cha kwanza. Watu wanatelemka majini na kofia zao. Hajaondoka. Ameinamia kioo, mikono juu ya mlango, anasubiri, anatazama pembeni kidogo ya uso wangu.