Majivu Kwenye Ndoo za Wodi

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Nimekwangua birika tena kabla ya kwenda kazini. Ukoko mweupe, mgumu kama kigae, na chini yake mwingine. Maharage ya jana yalichemka tangu mchana na bado yanagonga meno. Miezi mitano Mtwara na maji ya bomba ya hapa sijayazoea. Kwetu Usangi maji yanashuka mlimani, unakunywa na unamshukuru Mungu.

Kazini hasira nyingine. Nimekuta ndoo sita za kufulia zimetiwa majivu. Majivu! Wodi ya wazazi, shuka za kulazia vichanga! Mama Faustino, dobi wetu, anasema ndivyo afanyavyo siku zote. Jioni anatia majivu, asubuhi anachuja kwa kitambaa, ndipo maji yanakubali sabuni. Nikamwambia huo ni ushamba, hapa ni mahali pa tiba. Nikamwaga ndoo zote kwa mkono wangu. Hakubisha. Ni mtu mzima, amenizidi kama miaka ishirini, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma aliyekimbia vita. Alisema tu, "Haya, Sista."

Jumanne, 12 Agosti

Sabuni ya wodi ya mwezi mzima imekwisha. Leo ndiyo kwanza tarehe kumi na mbili. Mwezi uliopita ilifika mwisho na kipande kikabaki. Madukani hakuna, watu wanafulia majani ya mpapai. Mwenye mche wa sabuni siku hizi ana mali.

Ufunguo wa kabati tunao watu wawili, mimi na Mama Faustino. Mimi sijaiba.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemsema. Asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote na kina mama wa kliniki waliojaa kwenye mabenchi. Nikasema taifa linajenga ujamaa, lakini hapa kituoni tunafuga kupe anayenyonya hata sabuni ya vichanga. Nikamtaja. Mganga wa kituo akamwachisha kazi palepale.

Mama Faustino alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Akasema, "Sista, sabuni imeliwa na maji." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nimeridhika. Kazi ni nidhamu.

Jumapili, 17 Agosti

Baba Neema karudi bandarini na njaa na utani wake. Kaenda kuoga, kakuta sabuni ya nyumbani nayo imebaki ukucha. Mche wa juzi tu! Akapiga kelele kutoka bafuni, "Na hii ya hapa anaiba nani?"

Nikamjibu sabuni za siku hizi mbovu. Akacheka, akaendelea kuoga. Chakula kimenishinda.

Jumatatu, 18 Agosti

Dobi mpya hajapatikana. Nimefua shuka za wodi mwenyewe. Nasugua, nasugua, povu hakuna. Juu ya maji utando wa kijivu, unaganda kwenye shuka na mikononi. Nusu mche umeondoka kwa shuka nne, na shuka zenyewe zimetoka na rangi ya uji.

Nimerudi nyumbani, nimechota majivu ya jikoni, nimetia kwenye ndoo moja. Nimeifunika. Baba Neema sijamwambia.

Jumanne, 19 Agosti

Asubuhi weupe umetuama chini ya ndoo. Nimechuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Nimechukua kisabuni kidogo kama kidole. Povu likaja mpaka viwikoni.

Nimekaa chini uani nikalia. Mwizi wa sabuni ile ni mimi. Nilimwaga maji yake, halafu nikamwita kupe. Na aliniambia! Aliniambia mara mbili, kwa Kiswahili ninachokielewa.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekwenda kwake Magomeni ya hapa Mtwara na kilo ya sukari. Afadhali angenifukuza. Alinitandikia mkeka, akaniletea maji ya kunywa. Nikaomba radhi, nikaeleza yote, nikalia tena.

Alingoja nimalize. Akasema, "Nimekusamehe, Sista. Lakini kupe uliniita mbele ya watu. Samahani umeniletea uani." Bombani wanawake wakimwona wanasogeza ndoo zao. Wajukuu wanaitwa watoto wa kupe.

Sukari alinirudishia mlangoni, kwa mikono miwili.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimemweleza Mganga. Hataki kusikia. Nesi akisimama kukiri mbele ya wagonjwa, kesho nani atamtii? Anasema ninyamaze, mwakani atatafuta namna ya kumrudisha yule mama kimyakimya. Nikakubali upesi. Niseme kweli, nilisikia nafuu.

Mwoga mkubwa mimi. Ulimi uliokuwa mrefu tarehe kumi na nne leo umekwenda wapi?

Jumatatu, 25 Agosti

Kliniki ilijaa. Nilisimama mahali palepale niliposimama siku ile. Nikafungua kinywa. Nikafundisha uji wa mtoto.

Alhamisi, 28 Agosti

Leo nimesema. Sikumwomba Mganga ruhusa. Nimesema Mama Faustino hakuiba hata chembe, kupe alikuwa ujinga wangu, majivu yale yalikuwa yanatuokolea sabuni na mimi niliyamwaga kwa kiburi. Kisha bibi mmoja aliyemleta mkwewe akauliza, "Na mwenyewe yuko wapi asikie?"

Nikamtuma mfagizi mbio Magomeni. Aliporudi nilijua kabla hajasema. Mlango una kufuli. Ameondoka juzi Jumanne na wajukuu, amerudi ng'ambo kwa kuwa nchi yao sasa ni huru. Jirani anasema alikuwa hana haraka ya kurudi, alitaka kwanza avune korosho zake. Amemwachia jirani mikorosho.

Juzi Jumanne. Jumatatu nilikuwa nafundisha uji.

Jumapili, 31 Agosti

Mganga hanisemeshi. Dobi mpya ameanza, msichana wa Mpapura. Ndoo za wodi zina majivu na hakuna anayeuliza.

Baada ya kanisa nimekaa na karatasi nimwandikie Mama Faustino. Wapo wanaovuka mto kila wiki, wangempelekea. Jirani hajui kijiji chake. Jana nilitazama daftari la vibarua pale kituoni nipate jina lake kamili. Miaka saba ya kazi, na kila mwezi imeandikwa vilevile: Mama Faustino, dobi. Na mimi sikuwahi kumwuliza.

Karatasi nimeirudisha kwenye sanduku. Baba Neema anaita, chai inapoa.