Vijiti vya Getini

Ijumaa, 3 Februari 1956

Magari saba leo, Wazungu wa Timau wamekuja kuona mlima. Nimekagua vibali. Bwana wa hifadhi amenipa daftari niandike idadi ya watu wanaoingia na wanaotoka. Nimekataa. Kwetu watu hawahesabiwi kama mbuzi, watapungua. Kila anayeingia aweke kijiti kwenye debe langu, akitoka achukue kimoja. Kikibaki, kuna mtu ndani. Bwana amecheka, amekubali.

Jumapili, 5 Februari

Vumbi. Magari hadi konani. Wanaopanda kushoto, wanaoshuka kulia, mimi na fimbo katikati. Memsahibu mmoja ameniita boi. Nikamweka nyuma ya lori la kuni. Raha yangu.

Mutegi amepanda na mizigo ya wageni, ameweka kijiti chake. Mpagazi, baba wa watoto wawili, mdomo hauna breki. Ati wake wamenishinda, sasa nachunga vijiti. Nikamjibu kwamba vijiti havina mama mkwe.

Saa kumi na mbili tunafunga. Ni siku za hali ya hatari; baada ya hapo anayeonekana msituni ni adui, askari hawaulizi, wanapiga risasi. Sajenti akaja.

"Mzee, wote wametoka?"

Nikatazama debe. Tupu.

"Wote, afande."

Nimekumbuka nikijaza kiko. Mchana sikuwa na kiberiti. Nilichukua kijiti kimoja debeni, nikakitia motoni, nikawashia kiko. Nilisema nitaweka kingine. Sikuweka. Na sikumwona Mutegi akishuka. Labda alipitia nyuma ya gari. Najiambia hivyo. Naogopa kwenda kwa sajenti.

Jumatatu, 6 Februari

Nimekwenda alfajiri. Doria ilikuwa imeshaingia. Risasi mbili.

Mutegi alirudi juu kufuata kamera ya bwana wake. Bwana hakumngoja, alishuka na gari lake. Mimi nikafunga geti. Sajenti amenipiga kofi moja. Halikutosha.

Jumatano, 8 Februari

Wamemzika hukohuko, mwanzo wa mianzi. Mama yake anafanya kibarua shamba la ngano huko chini. Amekuja. Nimemwambia yote, hata kiko. Hakulia.

"Nionyeshe alipolala," akasema.

Amri ni amri: bila kibali haingii. Sikufungua. Ameketi kando ya barabara mpaka jioni, akaenda. Mimi mwoga. Mzee mzima.

Alhamisi

Sijala.

Jumapili, 12 Februari

Magari mengi tena. Siku hizi nahesabu, naandika daftarini kama karani. Saa nne mama Mutegi akatokea na kibuyu cha uji. Nikasimamisha magari yote, ya kushoto na ya kulia. Nikainua mti wa geti. Nikamwonyesha mianzi kwa fimbo. Akapita katikati, polepole, hana haraka na mtu. Wazungu wakapiga honi. Askari wa zamu akageuka kufunga kamba za viatu.

Sikuandika kitu. Hakuna gari lililosogea hadi aliposhuka.