Mlima wa Mama Watoto Umeyeyuka

Ndugu yangu, Jumamosi usije na jeshi lako. Mlima umeyeyuka. Nasema umeyeyuka!

Ule wa povu gumu jeupe lililokuja limeizunguka televisheni katika boksi, aliouchonga mama watoto kwa kisu cha jikoni, mwezi ule wa mwisho wa uhai wake. Nawe ulikuwepo alipotucheka: "Wazee wazima mnapigana vita vya askari wa plastiki mezani, na hata mlima hamjui unavyokaa. Leteni hilo povu hapa!"

Nilitaka kuupaka rangi tu, usichakae. Nikanunua rangi ya kopo, ile ya kupuliza. Nikapuliza, ukaanza kutoboka. Nikadhani rangi haijatosha, nikaongeza.

Nikaongeza, ndugu yangu!

Binti yangu akatoka mbio. "Baba, hukusoma kopo? Wameandika isipulizwe kwenye povu!"

Mimi! Mimi ninayesoma hata karatasi ya dawa ya mbu mpaka nukta ya mwisho. Sikusoma.

Ile ngazi aliyowachongea askari wako, akisema wana vitambi kama wewe mwenyewe, imekwenda. Pango alilolibonyeza kwa kidole gumba limekwenda. Umebaki ute mweusi juu ya gazeti.

Binti ananibembeleza, eti povu lipo tele, tutachonga mwingine. Nikasema sawa. Akachukua kisu, akaniuliza, "Mama alikuwa anaanzia juu au chini?"

Sijui, ndugu yangu. Siku zote zile nilikuwa namtazama usoni. Mikono sikuiangalia.